Mahari: Ni Bei ama Ni Kifungo?

Mara nyingi katika vijiji vyetu twasikia neno hili: "Hii ni desturi ya wakubwa, nayo haibadiliki." Wazee hulisema kwa fahari, vijana hulikariri kwa uchungu, hasa siku ile karatasi ya madai ya mahari inapofika nyumbani kwao. Tulichungue neno hilo, tuone kama ni la kweli.

Desturi yenyewe ni ya kale. Katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya zamani pale Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga, wakakuta misalaba midogo ya shaba imezikwa pamoja na maiti. (Msidhani ni alama ya Ukristo, Injili ilikuwa haijafika huko. Lilikuwa umbo la fedha ya wafua shaba, basi.) Misalaba ya namna hiyo ilitolewa pia kwa mahari. Mahali pengine walitoa majembe, pengine mbuzi, na Bashi wa Kivu walitoa ng'ombe. Kisha zikaja faranga. Vitu vimebadilika mara nyingi, wala leo hakuna mzee anayeililia misalaba ya shaba. Tukitafuta jambo lililodumu, tusilitafute katika vitu.

Tuulize basi: mahari ilifanya kazi gani? Kijana wa zamani hakuwa na mali yake mwenyewe. Mbuzi walitoka kwa baba, kwa ndugu za baba, kwa mjomba; kila mmoja alileta chake. Na upande wa pili, baba wa binti hakula peke yake. Jamaa walipata mafungu yao, na mara nyingi mali iliyosalia ilitumika kumwoza kaka ya yule binti. Fikirini sasa. Ndoa ikivunjika, mali ilipaswa kurudi. Lakini imekwisha kugawanywa, na kaka amekwisha kuoa kwayo! Kwa hiyo ugomvi ulipoingia katika nyumba ile, watu wengi waliondoka upesi kwenda kupatanisha, maana kila mmoja alikuwa na kitu chake ndani yake. Mbuzi hawakumnunua mtu, bali waliwafunga wakubwa wa pande zote mbili waitunze ndoa.

Sisemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mema. Kifungo hicho kilimwumiza mwanamke pia. Pengine alirudishwa kwa bwana mkali kwa sababu hii tu, kwamba mbuzi wa kurudisha hawakuwapo. Na wengi waliolewa bila kuulizwa, jambo ambalo Kanisa halikubali kamwe, kwa kuwa pasipo hiari ya wote wawili hakuna ndoa.

Kisha ikaja kazi ya mshahara. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na vijana wengi wakaenda kufanya kazi katika machimbo ya Katanga. Kijana aliyerudi na fedha yake aliweza kulipa peke yake; na baba mkwe akaanza kupokea peke yake. Fedha haina fungu la mjomba. Yaingia mfukoni, na baada ya mwezi mmoja imekwisha. Jina la desturi limebaki, lakini kile kifungo kimelegea. Na kifungo kikilegea, ni nini kinachobaki? Bei! Nayo bei hupanda. Baba aliyemsomesha binti yake huhesabu ada ya shule alizolipa, aziongeze katika karatasi. Namwelewa, maana alijinyima mengi. Lakini kumsomesha mtoto ni wajibu wa mzazi. Mkwe hakukopeshwa kitu.

Tazameni matunda yake. Kijana na binti wanaopendana hukaa pamoja bila ndoa miaka mingi, nao wazee walewale waliowazuia kwa madai makubwa huwacheka. Au bwana afapo, ndugu zake humjia mjane na kumwambia, "Wewe ni mali yetu, tulikulipia." Hilo si neno la desturi. Ni neno la soko.

Wengine husema kwamba serikali yenyewe yadai mahari. Ni kweli, lakini haidai karatasi nzima. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yaruhusu ndoa ifungwe ikiwa sehemu tu ya mahari imetolewa. Na tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2016, yakubali hata mahari iliyo alama tu. Mbuzi mmoja aweza kutosha, kama wakubwa wakitaka.

Kwa hiyo, wakatekumeni mnaojitayarisha kwa ndoa, waombeni wazee wenu wafanye hivi siku ya kikao: kabla ya kuhesabu kitu chochote, kila atakayepokea fungu aseme waziwazi kama atakuja siku nyumba hii itakapopata shida. Na binti naye aulizwe mbele ya wote, mbuzi akiwa bado mkononi mwa aliyemleta.