Mshirika Asiyeuliza Swali

Sisi wa Timau tumekuwa kiwanda cha ng'ambo miaka mingi bila kujiita hivyo. Waridi linalokatwa asubuhi katika vivungulio vya kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru mara nyingi halikuzaliwa hapa. Lilibuniwa na mtaalamu wa Uholanzi, Ujerumani au Ufaransa, likapewa jina huko, na shamba la hapa hulipa mrabaha ili kulikuza. Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na haki za wabunifu hao husimamiwa hapa nchini na KEPHIS, taasisi ya serikali ya afya ya mimea. Ua ni la mwingine. Maji ya Mlima Kenya, baridi na mikono ni vyetu.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeunda kifaa cha kuvunia viazi. Ni wembe mpana unaokokotwa na punda, na nyuma yake kuna vyuma vinavyopepeta udongo na kuacha viazi juu ya tuta. Aliyewahi kuvuna viazi vya aina ya Shangi anajua faida yake: kiazi kikishakatwa na jembe huoza ndani ya gunia na kuwaponza wenzake. Kifaa kinafanya kazi, nimekiona. Shida ni kwamba kila kimoja huchomelewa kwa mkono, na kipande cha hiki hakiingii kwenye kile. Mteja wembe ukimvunjikia, spea hana. Kwa hiyo kijana anatafuta kiwanda Uchina kimtolee vipande kwa kalibu, vyote sawasawa, yeye aje aviunganishe hapa.

Wapo watakaomlaumu kwamba anapeleka kazi nje. Mimi simlaumu. Uzalendo hauingizi bolti kwenye tundu lisilo lake.

Alinionyesha simu yake, imejaa majibu ya viwanda. "Huyu hapa, mzee, amekubali kila kitu." Bei yake ilikuwa chini kuliko za wote, sampuli ingefika upesi, malipo asilimia 30 mbele na yaliyobaki kabla ya kontena kupakiwa.

"Amekuuliza nini?"

"Hajauliza kitu, mzee. Amesema nitume mchoro na pesa."

Hapo nikakumbuka maua. Waridi lililofanya vizuri katika tambarare za Uholanzi, ambazo sehemu yake ziko chini ya usawa wa bahari, huwa ua jingine likipandwa zaidi ya mita 2,000 juu, penye usiku wa baridi na jua la ikweta. Kichwa hunenepa, rangi hubadilika, siku za kukomaa huongezeka. Mbunifu makini analijua hilo, ndiyo maana kampuni kama De Ruiter ikaweka makao Naivasha, aina mpya zikaguliwe katika hewa ya huku kabla mkulima hajatakiwa kung'oa miche yake na kupanda nyingine. Anayetaka kazi ya mikono yako lazima kwanza atake kujua mahali ulipo.

Upande wa pili tunaujua pia. Muulize aliyelima mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, ya kuuza Ulaya. Mnunuzi huja na karatasi ya vipimo, urefu na unene wa kila ganda, anaahidi kuchukua mzigo mkubwa ili mkulima akubali bei ndogo, kisha wakati wa kuchuma anachukua nusu na simu inazimwa. Ng'ombe wa huku wamekula mishiri ya daraja la kwanza.

Nilimwambia kijana habari ya ng'ombe hao kwa makusudi, maana alikuwa amepanga kukidanganya kiwanda kwamba ataagiza vifaa elfu kadhaa ilhali ana pesa za mia moja. "Kila mtu hufanya hivyo," akasema. Labda. Lakini kwa wakati huo, yeye ndiye mnunuzi mwenye karatasi, na kule Guangzhou au popote yuko mtu aliyenunua chuma kwa kuitegemea oda hiyo.

Kenya ina mfano wake wa siku nyingi. Martin Fisher na Nick Moon walipoanzisha ApproTEC jijini Nairobi mwaka 1991, shirika ambalo sasa ni KickStart, pampu ya kukanyaga ilikuwa tayari inajulikana Bangladesh. Lakini Bangladesh ni nchi tambarare na maji yake yako karibu, hivyo kwao ilitosha pampu iweze kuvuta. Mashamba mengi ya Kenya yako juu ya mto, kwa hiyo pampu yao, MoneyMaker, ikaja kuundwa iweze pia kusukuma maji kupanda mlima. Na lilikuwepo jambo ambalo hakuna mhandisi wa mbali angelibahatisha: wanawake hawakufurahia kupanda juu ya mtambo mrefu na kuyumbisha viuno mbele ya majirani, basi pedali zikashushwa. Pampu hizo zilitengenezwa hapa Kenya kwanza, na baadaye kazi ya kiwandani ikahamia Uchina. Walipoenda huko walikuwa wamekwisha kujibiwa maswali yao na watumiaji wenyewe. Mfuko wa kijana wetu hauruhusu majaribio ya miaka, ndiyo sababu yeye anahitaji kiwanda kinachouliza.

Yapo mambo ya karatasi, na hayo nitayapitia haraka. Umbo la kifaa likisajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya kulinda ubunifu wa viwandani, linalindwa Kenya tu. Uchina ni lazima lisajiliwe huko, kabla ya mwingine kutangulia. Sampuli iliyokubaliwa itiwe sahihi, moja ibaki kwake na nyingine kiwandani, ili siku ya ugomvi pawe na kitu cha kushika. Ukaguzi ambao KEBS, shirika la viwango la Kenya, huagiza ufanywe kabla bidhaa hazijasafirishwa utaangalia viwango, lakini hautamwambia kama wembe unaweza kuinua Shangi bila kumkata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu wa kumuamini hachukii kuandikiana.

Sasa anazungumza na kiwanda kingine, ghali zaidi. Hicho kilimuuliza udongo wa Timau huwa mgumu kiasi gani wakati wa kiangazi, una mawe ya ukubwa gani, punda mmoja anavuta au wawili. Waliomba hata udongo wenyewe, nikacheka, maana udongo hauvuki mipaka kirahisi hivyo. Akawapigia video shambani. Kisha wakamrudishia mchoro wake ukiwa na alama nyekundu kila mahali, wakisema pale utapinda, pale unapoteza chuma bure. Kijana alinuna siku nzima. Mimi nilifurahi sana, ingawa sikumwonyesha.

Kilichobaki ni kalibu. Kiwanda kinataka iwe mali yao hadi oda ya tatu. Yeye anataka iwe yake tangu siku atakapoilipia, na aweze kuihamisha akitaka. Nimemwambia asilegeze hapo, hata kama viazi vya msimu huu vitavunwa kwa jembe.