Zawadi au Deni? Fikra Juu ya Hisani ya Makampuni katika Nchi ya Tumbaku

Katika ufundishaji wa Kiswahili hakuna somo linalotupendeza kama lile la kupambanua maneno yanayokaribiana. Tunawaandikia wanafunzi ubaoni: zawadi, sadaka, hisani, msaada, fidia, malipo, rushwa. Kisha tunawauliza kila neno latofautianaje na lenzake. Maneno yote saba yahusu jambo moja, yaani mali inayotoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Hata hivyo, hakuna mtu mwenye akili timamu ayachanganyaye. Mtu aliyemchinja mbuzi wako bila ruhusa, kisha akakuletea mwingine, hakukupa zawadi. Na mtu anayekuletea mbuzi siku moja kabla ya kesi yake kusikilizwa, nawe ndiwe hakimu, hakukutolea sadaka. Mbuzi ni yule yule; uhusiano wa watu wawili ndio unaolipa tendo jina lake.

Siku hizi tumezoea kusikia kwamba kampuni fulani kubwa imesaidia jamii: imejenga darasa, imechimba kisima, imepanda miti maelfu kwa maelfu ili kuhifadhi mazingira. Habari hizo hutufurahisha, na yafaa zitufurahishe, kwani darasa ni darasa na maji ni maji. Lakini sisi tulio walinzi wa maneno hatuna budi kuuliza: tendo hilo jina lake halisi ni lipi? Tungependa kulijadili swali hili kwa kulishusha ardhini, katika nchi ya Arua na Koboko, upande wa magharibi wa Mto Nile huko Uganda.

Arua uko kilomita 500 hivi kutoka Kampala, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Koboko uko kaskazini yake, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapakana. Huko ndiko kwa Walugbara, Wakakwa na Wanubi, na Kiswahili si mgeni kwao: kiliingia na askari, kikalelewa na wachuuzi wa mpakani, na hadi leo ni ufunguo wa biashara na watu wa Kongo. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilifanywa kuwa ghala la vibarua. Kijana aliyetaka fedha ya kulipia kodi ya kichwa alilazimika kusafiri mbali, hata kufika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na wengine hawakurudi. Kilimo cha tumbaku cha kuuza, kilichoenea chini ya kampuni ya British American Tobacco iliyoingia Uganda katika miaka ya 1920, kilileta jambo geni: mtu aliweza kupata fedha bila kuliacha boma la baba yake. Tusilidharau jambo hilo. Watoto wengi wa West Nile, na walimu wengi wa leo miongoni mwao, karo yao ilitoka katika jani lile.

Sasa tutazame jinsi biashara yenyewe ilivyoendeshwa. Mkulima alipewa mbegu, mbolea na dawa za wadudu kwa mkopo; siku ya kuuza, deni lilikatwa kwanza, na kilichobaki ndicho alichopeleka nyumbani. Mnunuzi ndiye aliyepanga madaraja ya majani, na daraja ndilo lililoamua bei. Zaidi ya hayo, tumbaku ya aina ya Virginia haikaushwi kwa kuanikwa juani. Huingizwa katika bani, nyumba ya kukaushia ambamo joto la tanuri hupitishwa kwa mabomba, na moto huo sharti uwake mchana na usiku kwa siku tano hadi saba. Ukizimika usiku mmoja kwa uzembe, jani huharibika na kazi ya msimu mzima hupotea. Ndiyo maana kuni ni roho ya tumbaku hiyo, kama maji yalivyo roho ya mpunga.

Hapo ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Katika kitabu cha hesabu za mkopo, mbegu ilikuwa na bei yake, mbolea ilikuwa na bei yake, na dawa ilikuwa na bei yake. Mvule uliokatwa, mkwaju uliokatwa, na ule mti wa shea ambao akina mama walikamua mafuta yake tangu zamani, haikuwa na bei. Haikuandikwa popote. Iliingia tanurini bure, ikatoka kwenye dohani kama moshi, na thamani yake ikasafiri ndani ya marobota ya majani hadi kwenye faida ya watu wasiowahi kuuona Mlima Wati wala Mlima Liru. Na bidhaa yenyewe, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Basi aliyetangulia kutoa ni nani? Twaona ni dhahiri: nchi ndiyo iliyotangulia kutoa. Wakulima ndio waliotangulia kuwa wahisani wa kampuni, ingawa hakuna aliyewaita wahisani.

Baadaye, miti ilipopungua na kuni kuanza kufuatwa mbali, ikaja miche. Wakulima wa tumbaku waligawiwa miche ya miti, hasa mikaratusi, wakahimizwa kuipanda ili wapate kuni za mabani. Jambo hilo lilikuwa na manufaa yake. Mkaratusi hukua upesi, hutoa nguzo za kujengea, na mwenye shamba dogo la mikaratusi anayo akiba ya kuuza siku ya shida. Lakini ardhi ilikuwa ya nani? Ya mkulima. Nani alichimba mashimo? Mkulima na watoto wake. Nani alimwagilia maji wakati wa kiangazi? Mkewe. Na mti ulipokua, ulirudi wapi? Tanurini, kukausha tumbaku ya kampuni. Mkaratusi, tena, hauirudishi shea wala mkwaju: ni mnywaji hodari wa maji, na haumpi mtoto tunda la kula akitoka shuleni.

Na sherehe za kugawa miche, au dawati, au mabati, twazijua, kwa kuwa walimu ndio tunaopanga watoto mistari. Gari jeupe linawasili saa nne badala ya saa mbili. Watoto wameimba mara tatu kujizoeza. Mkubwa anasoma hotuba, mche mmoja unapandwa na watu sita walioushika kwa pamoja, picha inapigwa, na bango lenye jina la mtoaji linabaki likiwa refu kuliko mche. Mwaka unaofuata hakuna arudiye kuuangalia. Kinachohesabiwa ni miche iliyogawiwa, wala si miti iliyosimama.

Mtu ataweza kutupinga kwa hoja tatu, na inafaa tuzisikilize kwa haki. Ya kwanza, kwamba hakuna mkulima aliyelazimishwa kulima tumbaku. Ni kweli, lakini mtu mwenye mlango mmoja tu wa kutokea hawezi kusemwa kuwa ameuchagua. Ya pili, kwamba kampuni haikuvunja sheria yoyote kwa kuni zile kutolipiwa. Huenda ni kweli pia. Lakini wazee wetu waliposema dawa ya deni ni kulipa, hawakusema deni lile tu lililoandikwa na karani. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba mwenye njaa haulizi jina la chakula. Mabati yaliyoezeka darasa huzuia mvua, yaitwe hisani au yaitwe fidia. Kwa nini basi tugombanie neno?

Tunagombania neno kwa sababu zawadi na deni havina mwisho mmoja. Apewaye zawadi hushukuru na kunyamaza. Alipwaye deni huhesabu. Mtoaji wa zawadi ndiye anayeamua kiasi, wakati na aina ya kitu, na akichoka huacha. Mdaiwa hawezi kuacha mpaka amalize. Mwenye kupokea zawadi huinamisha kichwa, lakini mwenye kupokea haki yake hutazamana na mwenzake macho kwa macho. Kampuni inapolipa sehemu ndogo ya deni lake ikaiita hisani, hupata vitu viwili kwa bei ya kimoja: hupata sifa ya ukarimu, na hupata kusahauliwa kwa deni lililobaki.

Tuuone mfano ulio tofauti kidogo, huko pwani ya Kenya. Karibu na Mombasa, kampuni ya saruji ya Bamburi ilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 ikaacha mashimo makubwa, ardhi nyeupe yenye chumvi isiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali mle mashimoni. Mingi ilikufa, mvinje ukastahimili. Majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza upesi, mpaka alipoleta majongoo wayatafune na kuyageuza kuwa udongo. Leo pale pana msitu na bustani ya wanyama inayoitwa kwa jina lake. Hatusemi kwamba kampuni hiyo haina lawama, kwani kuchimba ni kuchimba. Tunasema tu kwamba pale jeraha na dawa vilikuwa mahali pamoja, na aliyejeruhi ndiye aliyetibu, kwa gharama yake, katika ardhi aliyoiharibu mwenyewe, kwa miaka na miaka. Tendo hilo ladai jina la heshima, nalo ni fidia. Fidia si neno dogo. Kwa hakika, katika uhusiano wa mwenye nguvu na mnyonge, fidia ni neno kubwa kuliko hisani.

Turudi West Nile tuone mwisho wa mambo. Katikati ya miaka ya 2000 British American Tobacco ilifunga kiwanda chake cha Jinja, na katika miaka ya 2010 ikaacha shughuli ya kununua majani kwa wakulima wa Uganda. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, iliyopiga marufuku matangazo ya tumbaku na udhamini wake. Kampuni ikaipinga mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri hilo. Hatuandiki haya ili kumcheka aliyeondoka. Twayaandika kwa sababu yathibitisha hoja yetu: hisani huondoka na mtoaji. Mahali pa mvule ule wa kale hapana karatasi ya madai, kwa kuwa kwa miaka mingi kila mche uliopokewa ulipigiwa makofi kana kwamba hapakuwa na kilichotangulia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, yampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Haki hiyo haikungoja gari jeupe. Lakini aliyezoezwa kushukuru tu, atajuaje kudai?

Wala watu wa nchi hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya zawadi ya kweli. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu kwa maelfu ya watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, nao wakapewa mahali pa kulima na majirani waliokuwa maskini kama wao. Miaka ikapita, mambo yakageuka. Tangu mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipowamwaga watu upya, wenyeji wa West Nile wamewapa wageni ardhi: Bidi Bidi katika Yumbe, na Imvepi na Rhino Camp upande wa Arua. Wageni nao wanahitaji kuni, na mti umezidi kuwa haba. Mashirika yanasaidia, lakini ardhi ni ya wenyeji, na juu ya ardhi hiyo hakuna bango lenye majina ya koo zilizoitoa. Wema hauozi, umehifadhiwa katika kumbukumbu, nako kumbukumbu ndiko kunakoutosha.

Basi mwalimu mkuu afanyeje, siku kampuni fulani itakapobisha hodi na miche mia tano? Hatumshauri aifukuze. Apokee, na watoto wapande. Lakini kabla ya kutunga hotuba ya shukrani aulize, kwa adabu na bila woga, maswali manne: kampuni hii ilichukua nini kwetu kabla ya kutupa? Miti hii itamfaa nani ikikua? Nani atarudi mwakani kuhesabu iliyo hai? Na je, tukipokea, tunatakiwa kunyamazia jambo gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomwambia aandike neno gani katika kitabu cha shule: zawadi, au malipo, au fidia, na kama jibu la swali la nne ni baya, aandike neno la saba katika orodha yetu, kisha afunge lango.

Twaamini kazi hiyo haiko nje ya somo la Kiswahili. Mwanafunzi anayejua kwamba fidia si hisani, na kwamba haki haiombwi kwa wimbo, amejifunza msamiati ambao utamlinda maisha yake yote. Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu, popote walipo, wayaandike tena maneno yale saba ubaoni, na mara hii mifano wasiitoe kitabuni. Wawatoe watoto nje, wawasimamishe chini ya mti uliopandwa siku ya sherehe, kama bado upo, na wawaulize jina la tendo lililouleta pale.