Picha za Wachezaji na Haki ya Mdogo

Watoto wengi wa vijiji vya Kasongo na Kabambare hawana zile picha za wachezaji ziuzwazo ndani ya pakiti. Walicho nacho ni vizibo vya chupa, na picha zilizokatwa katika magazeti ya kale. Kizibo hiki ni mlinda mlango, kile ni mshambuliaji, na kila mtoto ana kikosi chake. Lakini wenzao wa Ulaya wanazo picha zenyewe, na huenda mtoto wa kwetu mwenye ndugu ng'ambo akaletewa. Yafaa wazazi wajue jinsi mambo hayo yaendavyo, maana ndani yake mna swali la haki lililo gumu kuliko lionekanavyo.

Desturi hii ni ya zamani. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, wenye viwanda vya sigara walitia picha za wachezaji ndani ya pakiti zao. Katika Italia, mjini Modena, ndugu wa ukoo wa Panini walianza mwaka 1961 kutoa vitabu vya kubandika picha za mpira wa miguu, na mwaka 1970 wakatoa kitabu cha Kombe la Dunia. Mwaka 1974 Léopards wa Zaïre, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe hilo, nao wakatiwa kitabuni.

Mtoto hanunui picha aitakayo. Hununua pakiti iliyofungwa, asijue kilichomo. Kitabu cha mwaka 2022 kilitaka picha 670, na pakiti ilikuwa na picha 5. Kama hapana picha ingerudiwa, pakiti 134 zingetosha. Lakini hurudiwa, na hesabu yaonyesha kwamba mtoto asiyebadilishana na mtu atahitaji, kwa kadiri, pakiti zaidi ya 900. Basi mchoyo hujiadhibu mwenyewe. Hapo mchezo ni mwema, maana wawafundisha watoto kuhitajiana.

Siku hizi, hata hivyo, watoto wengi hutazama bei katika simu kabla ya kuutazama uso wa mchezaji. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyochapwa mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Tena ziko kadi zisizoshikika, za michezo ya kompyuta. Mwaka 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji ilisema kwamba pakiti za namna hiyo, ziuzwazo kwa kubahatisha, ni kamari. Mimi sioni kwamba pakiti ya karatasi iko mbali sana na hiyo.

Na bei ya picha haimfikii mwenye uso. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka 1974, na hakuna aliyemzidi katika shindano moja. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na watu wenye silaha, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi humo katika umaskini. Alifariki mwaka 2019.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Kijana wa miaka 13 ajua kwamba picha fulani ni adimu, na mdogo wake wa miaka 7 anayo, wala hajui. Mkubwa ampa tatu zing'aazo, naye mdogo aruka kwa furaha. Je, ni haki? Wengi watajibu: wamepatana, hakuna aliyelazimishwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, hakukubali jibu la namna hiyo. Alifundisha kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, naye mnunuzi ajua kuwa ni dhahabu, mnunuzi amenunua kwa udhalimu, na imempasa kurudisha. Watu wa Namoya, walioijua dhahabu tangu siku za ukoloni, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza mfano huu.

Labda mtu atasema: dhahabu ni dhahabu, bali picha ni karatasi, na thamani yake ni tamaa ya watu tu. Neno hili lina uzito. Mdogo apenda kweli zile zing'aazo, na kama wote wawili wataka kucheza tu, sioni aliyeibiwa. Lakini mkubwa akiwa na nia ya kuuza, amechukua fedha zilizokuwa mkononi mwa mdogo wake, ingawa mkono ule haukuzijua. Tena alinyamaza kwa makusudi, maana alijua kwamba akiitaja bei, mapatano yatavunjika.

Na ikiwa amekwisha kuiuza? Picha haitapatikana tena. Basi na ampe mdogo fedha alizopata, akitoa thamani ya zile tatu. Zikiwa zimekwisha liwa, alipe kidogo kidogo kwa kazi ya mikono yake. Baba yake asimlipie.