Siku ya Jamhuri Nyumbani: Ni Uvivu ama ni Uhuru?

Somo: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Mwanzo 18:1–8

Tarehe 12 Disemba inakaribia, na huku kwetu Mombasa joto la kaskazi limeshaingia. Jua la saa saba linachoma, nyumba za mabati zinageuka tanuri. Kuna watakaopanda matatu kwenda Pirates, na kuna watakaosafiri bara. Lakini wengi wetu tutabaki nyumbani tu, mlango wazi, mkeka sakafuni, redio ikitangaza gwaride.

Sasa swali ni hili: mtu aliyeokoka akikaa hivyo siku nzima, bila mkutano, bila biashara, je, ameipoteza siku ya Mungu? Wako watakaosema ndiyo, ni uvivu huo. Na kweli Mithali 6 inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu. Sura hiyo iko, hatuwezi kuifuta.

Lakini tusome pia Kutoka 5. Musa na Haruni walimwendea Farao wakitaka watu waachiliwe waende kumfanyia Bwana sikukuu jangwani. Yaani, kwa lugha yetu, waliomba likizo. Farao akawaita wavivu! Akawanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Angalia vizuri, mpendwa. Katika sura ile, neno “wavivu” linatoka kinywani mwa Farao, si kinywani mwa Mungu. Si kila anayekuita mvivu anasema kwa niaba ya mbinguni.

Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu ya ajabu ya kupumzika. Kule Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku 6, akapumzika. Hapa Musa anawaambia wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Mtumwa hana siku yake. Kwa hivyo kupumzika ni ushuhuda kwamba bwana wako wa zamani hakumiliki tena.

Hili sisi Wakenya tunapaswa kulielewa haraka. Hapa Pwani utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka wa 1907 tu. Freretown, pale Kengeleni, palianzishwa miaka ya 1870 pawe makao ya watumwa walioachiliwa. Kisha kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikining'iniza shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri wako, na ukiacha kazi bila ruhusa ulisakwa kama mhalifu. Uhuru ulikuja tarehe 12 Disemba 1963, na Jamhuri mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile. Leo Katiba ya 2010, ibara ya 9, inaitambua siku hii kuwa sikukuu ya taifa. Mjukuu wa mtu aliyebeba kipande anapolala mkekani saa nane mchana na hakuna wa kumfokea, hilo nalo ni tunda la uhuru. Tumshukuru Mungu kwa hilo bila aibu.

Lakini tusiishie hapo, maana neno lenyewe haliishii hapo. Kumbukumbu 5:14 inataja mtumwa wako na mjakazi wako, mpaka ng'ombe na punda, kisha inasema lengo ni wao wapumzike kama wewe. Basi swali la kweli si kama mimi nimepumzika. Swali ni: nani anafanya kazi ili mimi nipumzike?

Tuangalie nyumba zetu. Baba amekaa chini ya feni. Watoto wanacheza. Jikoni, mama na dada wa kazi wanasukuma chapati tangu asubuhi juu ya jiko la makaa, jasho likiwatiririka. Sikukuu kwetu, Misri kwao. Dada huyo yuko chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa mfanyakazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Je, nyumbani kwako anaipata? Ama sisi tunaoomba kwa sauti kubwa ndio akina Farao wadogo wa mtaa?

Ibrahimu anatusaidia. Mwanzo 18 inatuambia joto la mchana lilimkuta ameketi mlangoni pa hema yake. Hakuwa na haraka, kwa hivyo aliwaona wageni. Mtu anayekimbia toka asubuhi mpaka jioni angewapita. Tena, wageni walipofika, si Sara na kijana wa kazi peke yao waliohangaika. Mzee mwenyewe alikimbia, akachagua ndama, akasimama kuwahudumia. Pumziko lake lilimpa macho na nguvu za kuhudumia.

Najua mtu wa kibarua atauliza: pasta, mimi nisipofanya kazi silipwi, nitakula hiyo Jamhuri? Ni swali la haki. Jangwani Mungu hakuwaambia watu wapumzike halafu wakalala njaa. Kutoka 16 inasema siku ya 6 mana ilikusanywa maradufu. Alitoa chakula cha siku ya mapumziko kabla ya kudai mapumziko. Kwa hivyo wewe unayemwandika mtu wa kufua ama wa shamba, mpe siku yake na umlipe. Ukimwambia tu “leo usije”, hiyo si sabato, ni njaa. Na ndugu mwenye boda, ama dada muuguzi aliye zamu siku hiyo, hajatenda dhambi. Sisi wengine tumtafutie siku nyingine ya kupumzika.

Basi wapendwa, tarehe 12 kaeni nyumbani kwa amani. Baba, shika mwiko ama agiza chakula chepesi kisichohitaji moto mrefu. Mruhusu dada aende kwao, na nauli umpe. Halafu nyote mketi mlangoni, kama Ibrahimu, mwangalie ni nani anapita juani akiwa na kiu. Maji baridi hayahitaji mahubiri.

Mungu awabariki.