Rudi Nyumbani Ukaandike Waliobaki na Walioondoka

Wewe binti wa Kilolo unayesoma sosholojia pale Mlimani, na wewe kijana wa Busokelo uliyeko UDOM, maneno haya ni yenu. Mnatafuta mada ya tasnifu, na kila mnayemuuliza anawaelekeza Dar es Salaam: Kariakoo, wamachinga, bodaboda. Mimi nasema pandeni basi mrudi nyumbani. Jinsia, uhamaji na familia, mambo ambayo wasomi wa dunia nzima wanayaumizia kichwa, huko kwenu yanalala chini ya paa moja.

Profesa Marjorie Mbilinyi aliliona hilo zamani. Mzaliwa huyu wa Marekani alihamia Tanzania miaka ya 1960, akaolewa, akachukua uraia, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 ulitoka utafiti wake kuhusu elimu ya wasichana. Baadaye akageukia Rungwe, na mwaka 1988 akachapisha makala kuhusu wake waliotoroka waume zao wilayani humo kati ya 1919 na 1961. Kama hujaisoma, itafute kabla ya wiki hii kwisha.

Wanaume wa Rungwe walikuwa wakienda Lupa, kule Chunya, kuchimba dhahabu. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwajiri aliweza kuwalipa kidogo kwa sababu nyumbani alikuwepo mwanamke aliyelima, aliyelisha watoto na kumuuguza mume aliporudi amechoka. Mshahara ule mdogo ulisimama juu ya jembe la mke. Basi mwanamke huyo akiamua kuondoka, ni hesabu ya nani inayoharibika? Ya mume, ndiyo, lakini pia ya mgodi na ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana machifu, wazee na mabwana shauri walihangaika kuwazuia wanawake wasitembee, na mabaraza yakashughulika na kesi za ugoni, talaka na kurudisha mahari. Wanawake wakaondoka hivyo hivyo. Walikimbia ndoa za kulazimishwa, wakaenda machimboni, wakaenda mijini.

Simama hapo kidogo. Jambo ambalo ukoo ulilificha kama aibu ya nyumba, bibi fulani kumkimbia mumewe, lilikuwa limefungamana na bei ya kazi ya mwanamume mgodini. Hiyo ndiyo nguvu ya sosholojia ikishikwa na mtu anayejua kusikiliza. Inamtoa bibi yule kwenye minong'ono na kumweka kwenye historia ya nchi.

Mbilinyi hakuishia kwenye majalada ya kikoloni. Alikaa na Rebeka Kalindile, mkulima wa Rungwe, wakaandaa simulizi ya maisha ya mama huyo. Akaandika pia kuhusu uhusiano wao wenyewe, msomi na mkulima, na nani ana sauti simulizi inapoingia kwenye karatasi. Mwaka 1991 Magdalena Ngaiza na Bertha Koda wakahariri kitabu kizima cha simulizi za maisha ya wanawake wa Tanzania. Mbilinyi alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa TGNP, mtandao wa jinsia unaochambua bajeti ya taifa, mwaka 1993. Basi mzazi akikuuliza sosholojia itakupeleka wapi, mweleze safari hiyo: kutoka shambani Rungwe hadi kwenye meza ambako bajeti ya taifa inahojiwa kwa jicho la mwanamke.

Na kazi haijaisha. Nusu karne kabla ya Mbilinyi, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa, huko huko Rungwe, kati ya 1934 na 1938, wakajifunza lugha, wakaandika. Waliandika vizuri, lakini walikuwa wageni. Wewe unasema "Ugonile" au "Kamwene" na mlango unafunguka. Unajua kwa nini shangazi amenyamaza, unajua nani hatajwi mbele ya mkwe. Mtaji huo hauuzwi chuo chochote Ulaya.

Angalia yaliyo mbele yako. Mabinti wa Iringa wanaendelea kuteremka Dar es Salaam kuwa dada wa kazi, na watoto wao wanalelewa na bibi. Fedha inaingia kwenye simu, ya nani? Nani anaamua kama ni mbolea au ada? Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yana vibarua waliotoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta Njombe, ambayo ilikuwa imemegwa karibuni tu kutoka Mkoa wa Iringa, ina maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8, nchi nzima ikiwa asilimia 5.1. Nyuma ya namba hiyo kuna nyumba ambamo bibi alirudia kulea wajukuu uzeeni. Bibi hao wanazeeka, na kila msiba unaondoka na ushahidi ambao hauko kwenye jalada lolote. Usisubiri ruzuku. Daftari na kalamu unavyo.

Chukua barua ya utangulizi chuoni, ipitishe wilayani, mpelekee mtendaji wa kijiji. Ukifika kwa mama, usimtolee dodoso huku anapukuchua mahindi. Vuta kigoda, pukuchua naye. Ukimwomba historia atakujibu, "Mimi sina historia, mwanangu." Muulize nani alilima shamba mwaka ule baba alipokwenda mkonge Tanga, na ng'ombe wa mahari ya dada yake waliishia wapi. Atazungumza hadi giza liingie, nawe utajuta kwamba daftari ni dogo. Omba ridhaa yake kabla hujaandika jina. Ukimaliza tasnifu, mrudie, umsomee kwa lugha yake, na pale atakapokukatalia, sahihisha.

Likizo inakuja. Weka miadi na bibi yako sasa hivi, kwa simu, kabla hujafunga ukurasa huu.