Je, Anayejua Akanyamaza Hana Hatia?



Maji yakiwa na tope tutayaona na kuyamwaga. Lakini maji maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, nani atajua kwamba yana kemikali ndani yake? Mnywaji hana budi kumtegemea anayejua. Je, huyo anayejua ana wajibu gani kwake?

Karibu na mji wa Parkersburg, Marekani, kampuni ya DuPont ilianza mwaka 1951 kutumia kemikali iitwayo C8 katika kutengeneza Teflon, ile inayozuia chakula kisigande kikaangoni. Mabaki yake yaliingia hewani, ardhini na katika mto Ohio. Mwaka 1984 kampuni ilipima maji ya bomba ya majirani zake, ikaikuta C8 humo. Majirani hawakuambiwa. Waliendelea kuyanywa na kuwakorogea watoto wao maziwa.

Habari ilijitokeza baada ya mfugaji mmoja, Wilbur Tennant, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa, kumwendea mwanasheria Rob Bilott mwaka 1998. Baadaye watu wapatao 69,000 walipimwa damu. Kufikia mwaka 2012 wataalamu walitamka kwamba yaelekea C8 inahusiana na magonjwa sita, mojawapo saratani ya figo.

Wako watakaosema: mwaka 1984 madhara hayo hayakuwa yamethibitishwa, na sheria haikukataza. Ni kweli. Hata kiwango cha lazima cha C8 katika maji ya kunywa nchini Marekani kiliwekwa mwaka 2024, miaka 40 baadaye. Lakini shaka ile ilikuwa mali ya nani? Aliyekuwa akinywa ndiye aliyestahili kuipima: anywe, au atafute maji mengine? Aliyemficha alimwamulia jambo la mwili wake na la watoto wake, wala hakumwuliza. Hilo ni kosa hata kama maji yale yangeonekana baadaye kuwa salama.

Tusidhani jambo hili ni la matajiri peke yao. Mwenye gereji amwagaye oili chafu karibu na kisima, na mkulima aoshaye bomba la dawa mtoni, nao wanajua wasilolijua wachotao maji chini yao. Sheria huja nyuma ya maarifa, pengine kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo jirani hana mlinzi ila dhamiri ya yule anayejua. Basi na aseme.