Subira Si Kuficha Maumivu

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa. Muhula uliopita ndugu yetu mmoja, hosteli za Kikoni, alianza kuhisi moto ubavuni, upande mmoja tu. Kisha yakatoka malengelenge. Hata shati likimgusa, machozi yalimtoka. Mmoja akasema, "Hicho ni kisipi," chumba kizima kikanyamaza. Hapa Kampala jina hilo watu hulisikia kama hukumu. Nami, mzoefu wa kutoa mawaidha, nikamwambia: "Subiri, ndugu yangu, utapata thawabu." Akasubiri siku sita.

Nilikosea. Kisipi, yaani mkanda wa jeshi, hutokana na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Hulala miaka mingi katika mishipa ya fahamu, kikaamka kinga ya mwili inapopungua: kwa uzee, saratani, VVU, au dawa zinazoshusha kinga. Dawa ya kukizuia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kutoka. Mwenye kinga dhaifu aende hospitali hata akichelewa, na upele ukikaribia jicho asingoje hata saa moja.

Ngozi ya ndugu yetu imepona. Maumivu bado yapo. Panadol haikumtosha. Daktari amempa amitriptilini, ya kutuliza mishipa ya fahamu, na sasa walau analala. Kwa maumivu makali zaidi ipo mofini ya kunywa, ambayo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, huwapa wagonjwa hapa hapa mjini.

Nabii Ayyub (a.s.) alimlilia Mola wake waziwazi, wala hakutoka katika subira. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na kutayamamu maji yakimdhuru. Vipi sisi tumfanyie uzito?

Basi ukimwona mwenzako anaumwa, usimuulize kinga yake imepunguzwa na nini. Hiyo ni siri yake. Mshike mkono, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kisha umwombee dua.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe maneno tuliyoyasema bila elimu. Amin.